Kompyuta Iliyowaka kwa Sekunde Ishirini

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote. Msomaji akihisi kwamba anaijua, au kwamba amewahi kupanga foleni katika moja ya ofisi zake, kosa ni lake na ajibu mwenyewe. Mimi nina familia.

Jina langu ni Mbaruku, na kazi yangu ni Karani wa Shukrani katika Hospitali ya Wilaya. Kila ofisi ya serikali kwetu ina karani wa namna hiyo, kwa kuwa sheria inataka kitu chochote cha serikali kikifanya kazi, Mtukufu Kiongozi ashukuriwe kwa maandishi ndani ya siku tatu. Kisipofanya kazi hushukuriwa vilevile, kwa kutufundisha subira. Hivyo sijawahi kukosa la kuandika. Bomba la maji lilipofika niliandika, lilipokauka niliandika, na ile barua ya pili ilitoka vizuri zaidi kwa sababu mada nilishaizoea. Miaka kumi na saba nimeandika, na hakuna hata barua moja iliyojibiwa. Silalamiki.

Mwaka juzi Mtukufu alitutunuku kompyuta mpakato. Ililetwa kwa magari manne: la kwanza lilibeba kompyuta, la pili lilibeba chaja yake, na mawili yalibeba wageni wa heshima. Tuliimba, tukapiga makofi mpaka viganja vikauma, kisha tukaelezwa kazi yake. Jokofu la damu, ambalo zamani lilifungwa kwa kufuli la kawaida, sasa lingefunguliwa na kompyuta peke yake, ili damu ya taifa isiibwe. Muuguzi angeandika jina la mgonjwa na kundi lake la damu, kompyuta ingeridhia, na mlango wa jokofu ungelia tiki na kufunguka.

Kabla ya kufika hapo, lakini, kulikuwa na wenyeji. Ndivyo serikali inavyoziita programu kumi na moja zilizowekwa ndani ya mashine kabla sisi hatujaiona. Ya kwanza, Salamu, hupiga wimbo wa taifa beti zote nne huku kamera ikitazama kama umesimama. Hufuata Hotuba. Kisha Uzalendo, inayokuuliza maswali ishirini kuhusu utoto wa Mtukufu. Tabasamu hukupima mdomo. Msikivu husikiliza chumba, kutusaidia tukijisahau. Mlinzi huzima mashine kila baada ya nusu saa ya kazi ili isichoke, na Mlinzi Msaidizi humlinda Mlinzi. Pongezi hutuma pongezi. Mbili hazikujulikana zinafanya nini. Ya mwisho iliitwa Mjomba tu. Haikuwa na kazi yoyote, ila ukiifunga inajifungua yenyewe na kukuuliza kama umekula.

Kutoka kubonyeza kitufe hadi jokofu kulia tiki, zilipita dakika arobaini na saba. Nilizipima kwa saa ya ukutani, nikaziandikia barua ya kurasa mbili.

*

Msimamizi wa benki ya damu alikuwa Bi Sikudhani, muuguzi wa miaka mingi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru. Zamani ufunguo wa jokofu ulikaa shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Mzazi akitokwa na damu, yeye alikuwa ameshafika na chupa mkononi kabla daktari hajamaliza kuiomba. Siku kompyuta ilipofika, ufunguo ulichukuliwa ukapelekwa makumbusho.

Katika miezi tisa iliyofuata kina mama sita walikufa wodi ya wazazi huku damu yao ikiwa chumba cha pili, baridi na salama. Wa nne nilimwona mwenyewe. Bi Sikudhani alikuwa amevuka Salamu na Hotuba, amejibu vizuri maswali yote ya Uzalendo, amefika kwa Tabasamu. Akainua uso mbele ya kamera. Kule wodini mtu alikuwa anapiga kelele. Skrini ikaandika: "Tabasamu lako halijafikia kiwango. Jaribu tena." Akajaribu tena. Alijaribu mara tisa, machozi yakimtiririka, meno yote nje, na mpaka leo nikifumba macho uso ule nauona.

Sasa msomaji ajue jambo moja ambalo ndilo lililoleta yote. Bi Sikudhani alikuwa na binti mmoja, Mkasi, mshonaji wa sare za shule. Miaka mitatu nyuma Mkasi alijifungua mtoto wa kwanza, akatokwa na damu nyingi, akaokolewa na ule ufunguo wa kamba ya kiatu. Alikuwa mjamzito tena, miezi sita. Daktari alimwambia mama yake waziwazi kwamba damu itatoka tena, na ikitoka kuna robo saa, haizidi.

"Robo saa," Bi Sikudhani aliniambia ofisini kwangu. "Na yule mdudu anataka dakika arobaini na saba. Bwana Mbaruku, hesabu hiyo unaijumlishaje?"

Nilimshauri aende Wizarani.

*

Nilimsindikiza, kwa kuwa ombi lolote kwa Wizara lazima liambatane na shukrani zilizotangulizwa. Wizara ya Programu Tangulizi ina ghorofa kumi na moja, moja kwa kila programu. Tulipokelewa na Kamishna, Mheshimiwa Kilumanga, mtu mnene mpole aliyekuwa akifuta miwani kila anapotaka kusema neno zito. Faili letu lilikuwa tayari mezani. Msikivu alishalituma.

"Mheshimiwa, shikamoo," alisema Bi Sikudhani. "Naomba kibali cha kuzitoa zile programu kwenye mashine ya damu. Zote. Ibaki ya jokofu tu."

Kamishna akavua miwani.

"Marahaba, mama. Nikuulize kwa upole. Ulipoikuta mashine ile, programu zilikuwamo au hazikuwamo?"

"Zilikuwamo."

"Basi nani kamkuta mwenzake? Wewe ni mtumiaji, mama. Mtumiaji ni mpita njia. Leo upo, kesho umestaafu. Wale ni wenyeji, wana nambari za utambulisho, wana siku zao za kuzaliwa, na katika uchaguzi uliopita walipiga kura kwa asilimia mia moja. Je, binadamu wa wilaya yako walifika ngapi?"

"Binti yangu atakufa, Mheshimiwa."

"Hilo halijathibitishwa." Akavaa miwani, akafungua droo. "Hata hivyo serikali hii inasikiliza. Fomu ni hii. Inajazwa ndani ya kompyuta yenyewe, na kila programu inayoondolewa iridhie kwa hiari yake. Majibu hutoka baada ya miezi kumi na minne."

"Mimba ina miezi sita."

Kamishna aliwaza kwa dhati. Nilimwona anawaza. Kisha akasema kwamba ingekuwa vyema mimba hiyo iombewe nyongeza ya muda, na kwamba yeye binafsi angeipendekeza.

Bi Sikudhani aliijaza ile fomu. Nasema ukweli, aliijaza. Programu kumi hazikujibu, na Mjomba alimuuliza kama amekula.

*

Nyuma ya soko kulikuwa na kibanda cha Fundi Ngwali, kijana mkimya aliyetengeneza simu na redio, na ambaye mtu akimnong'oneza alikuwa anapiga windo. Ndivyo mafundi wanavyosema: kufuta mashine yote mpaka iwe tupu, kisha kuingiza mfumo mpya, safi, usio na mtu ndani. Kwa kweli ni kazi ya kawaida duniani. Kwetu ni kosa la jinai kifungu cha tisa, mauaji ya wenyeji.

Bi Sikudhani alimnong'oneza, naye akaja hospitalini Jumapili asubuhi, watu wakiwa ibadani, amebeba flashi mbili ndani ya mkate. Bi Sikudhani alimziba Msikivu tundu la kusikilizia kwa pembe ya blanketi la wodini na kumwekea redio inayotangaza mpira pembeni. Mimi niliwekwa mlangoni nikohoe mtu akija.

Kwanza Ngwali aliinakili programu ya jokofu kwenye flashi moja, pamoja na orodha ya wachangiaji damu. Ilikuwa ndogo kuliko picha moja ya harusi. Kisha akazima mashine, akachomeka flashi ya pili, akawasha huku ameng'ang'ania kitufe kimoja cha juu kwa kidole gumba.

"Hapa ni kumwahi Salamu," alisema. "Mashine ikisoma flashi kwanza, tumepona. Ikisoma diski kwanza, tusimame tuimbe."

Ilisoma flashi. Skrini ikaonyesha diski imegawanywa vipande vitatu.

"Mama, tazama. Wengi wanafuta hiki kikubwa, wanakunja mkeka. Kesho yake wenyeji wote wamerudi. Kwa sababu kuna hiki kidogo huku mwisho, kimefichwa, hata jina hakina. Humu ndimo walimoweka akiba yao, wanasubiri tu wajirudishe."

"Kifute."

"Nikikifuta hakuna kurudi nyuma. Hata wewe ukija kutaka."

"Kifute, mwanangu."

Akafuta vyote vitatu. Kukawa na skrini nyeusi yenye mstari mmoja mweupe unaochezacheza. Halafu mfumo mpya ukaanza kuingia, polepole, bila hotuba. Alipomaliza kuirudisha programu ya jokofu alizima, akawasha tena, tukahesabu kwa saa ya ukutani. Sekunde ishirini. Ilikuja picha ya kijani isiyo na uso wa mtu yeyote. Hakuna aliyeuliza chochote. Nikajikuta nimesimama wima, mikono ubavuni, nasubiri wimbo.

"Kaa, Bwana Mbaruku," alisema Bi Sikudhani. "Hauji."

Alicheka, na kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu kamba ya kiatu ipelekwe makumbusho.

*

Wiki saba zilipita. Kina mama watatu walitokwa na damu katika wiki hizo, na wote watatu walirudi nyumbani wamebeba watoto. Mmoja wao alinipitia ofisini akaniachia ndizi. Nilikuwa sijawahi kupewa ndizi kwa kazi yangu.

"Hili usiliandikie barua," alikuwa ameniambia Bi Sikudhani tangu siku ile. "Umenisikia? Hata mstari."

Nilimwapia. Na niliapa kwa moyo safi. Lakini jalada la shukrani la mwezi ule lilikuwa tupu, na sheria inajulikana. Hiyo ndiyo sababu niliyomtolea baadaye. Sababu ya kweli ni nyingine, na naiona aibu kuisema: kwa miaka kumi na saba nilikuwa nimeshukuru mabomba makavu na barabara za matope, na sasa kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha kweli cha kushukuru. Mtu aliyefuma uongo miaka yote hiyo, mpe ukweli mmoja uone. Kalamu ilinikimbia. Niliandika: "Tunamshukuru Mtukufu kwa kompyuta yake ya damu, ambayo huwaka kwa sekunde ishirini, na ambayo imewaokoa kina mama watatu." Nikapiga muhuri. Nilijifariji kwamba barua zangu hazisomwi.

Siku ya nne walifika kwa magari kumi na mawili.

"Barua zako hatuzisomi, ndugu Karani," Kamishna Kilumanga alinieleza, akifuta miwani. "Huwa tunazipima kwa kilo. Ila hii ilikuwa na namba ndani. Shukrani ya kweli haiwekwi namba. Namba ikamshtua mpimaji, akasoma. Na hakuna kompyuta ya Mtukufu inayowaka kwa sekunde ishirini."

*

Kwa kuwa wenyeji walikuwa wamekufa, ilibidi wazikwe. Turubai likafungwa katika uwanja wa hospitali, majamvi yakatandikwa, na wafanyakazi wote tukaamriwa kukaa matanga siku tatu. Wasifu wa marehemu ulisomwa mmoja mmoja. Wa Mjomba ulichukua alasiri nzima. Wagonjwa wenye uwezo wa kukaa walitolewa vitandani kuongeza waombolezaji, na wawili kati yao waliombolezewa hapohapo.

Fundi Ngwali alichukuliwa siku ya kwanza kibandani kwake. Tuliambiwa amepelekwa masomoni. Mama yake bado anakuja kuuliza masomo hayo yanaisha lini.

Bi Sikudhani hakukamatwa, kwa sababu mtuhumiwa lazima aingizwe kwenye kompyuta, na kompyuta ilikuwa maiti. Alivishwa kaniki akakalishwa mbele kama mfiwa mkuu. Nilimpelekea maji, akayapokea bila kunitazama, akampa mgonjwa aliyekaa karibu.

Siku ya tatu ikawa ya ufufuo. Kamishna alitoa flashi ya dhahabu kutoka kasha la mahameli, akaichomeka, na wenyeji kumi na moja wakarejea pamoja na wawili wapya, Toba na Mkwe wa Mjomba. Tulipiga makofi. Skrini ikaandika: "Tunakuandalia mambo mazuri. Usizime." Chini yake pakawa na asilimia. Ilipofika thelathini na nne ikasimama.

Saa sita mchana ya siku hiyohiyo Mkasi aliletwa na uchungu.

Mtoto alitoka salama, wa kike, akilia kwa nguvu. Kisha ikaanza damu, kama daktari alivyosema. Bi Sikudhani aliinuka jamvini na kaniki yake, akaenda chumba cha jokofu, akatazama skrini. Thelathini na nne. Akatoka hadi meza kuu ambako Kamishna alikuwa anakula pilau.

"Mheshimiwa, fungua jokofu."

"Inaandaa mambo mazuri, mama."

"Mwanangu ana robo saa. Nimeshatumia dakika tano."

"Hata mimi nina watoto," alisema Kamishna, na nadhani alikuwa anasema kweli. "Lakini imeandikwa tusizime."

Palikuwa na nyundo kubwa pale chini, iliyopigilia vigingi vya turubai. Bi Sikudhani aliiokota. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona jambo la namna hiyo na kila mtu alisubiri mwenzake apewe amri. Tulisikia mapigo manne. Akatoka amekumbatia chupa mbili za damu kifuani, akakimbia kuelekea wodini, na Mkasi akaishi.

Kamishna alimaliza pilau. Halafu akaomba kalamu yangu, akaandika jambo katika kijitabu.

*

Siku ya tisa baada ya mtoto kuzaliwa walikuja watu watatu: afisa mmoja kutoka Wizarani, mtaalamu wa maabara, na askari. Mimi niliitwa kama shahidi wa ofisi. Mkasi alikuwa amekaa kitandani, bado mweupe midomo, ananyonyesha. Mama yake alikuwa anamsuka nywele.

Afisa alisoma hati amesimama. Kwamba chupa mbili za kundi O hazikuombwa kwa njia ya kompyuta. Kwamba kitu kisichoombwa hakikutolewa. Kwamba kwa hiyo chupa hizo bado zimo jokofuni. Kwamba Mtukufu atalitembelea jokofu Alhamisi, na hawezi kuonyeshwa nafasi mbili zilizo wazi. Damu ya taifa irudishwe kutoka mahali ilipo.

Bi Sikudhani alielewa kabla yangu. Alisimama mbele ya kitanda, akapandisha mkono wa gauni.

"Nitoeni mimi. Zote mbili. Tatu mkitaka."

Mtaalamu alisoma kadi yake. "Wewe ni kundi A, mama. Iliyoibwa ni O."

"Basi ngojeni nitafute mtu. Nipeni mpaka jioni. Ataanguka huyu, hana damu ya kutoa, mnaona wenyewe hana!"

"Kuna mtu wa kundi O humu ndani?" aliuliza afisa. Aliuliza vizuri tu, kama anayeuliza kiti cha ziada. Sidhani alikuwa mtu mbaya.

Mimi ni kundi O. Nimelijua hilo tangu ujana. Limeandikwa kwenye kitambulisho changu, na kitambulisho kilikuwa katika mfuko wa shati. Niliwaza cheo changu, niliwaza barua ile yenye namba, nikawaza kwamba mkono ukishainuka jina huandikwa. Nilikuwa mwoga, basi. Niliangalia chini, nikajifanya nasahihisha tarehe.

Askari alimshika Bi Sikudhani mikono yote miwili akamsogeza ukutani. Mkasi aliuliza kama anaweza kwanza kumaliza kumnyonyesha mtoto. Afisa akaipitia hati yake, mbele na nyuma, akasema sehemu hiyo haimo. Nikapewa mtoto nimshike.

Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na alikuwa bado anatafuta ziwa, anageuza uso huku na huku kwenye shati langu. Chupa ya kwanza ilijaa taratibu. Mkasi alikuwa anamtazama mtoto, na aliniambia nimshike shingo vizuri, ingali laini. Nikamshika vizuri.

Chupa ya pili haikujaa.